Mchwa Mwenye Rula

Msambweni,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Bi Ummi Abubakar, Ukunda.

Bi Ummi, salamu nyingi.

Hunijui, nami nimekujua kwa kusikia tu. Jina langu ni Harrison Nzai, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Jirani yangu Ramadhani, anayefanya kazi hotelini Galu na aliyekuletea bahasha hii, ameniambia kwamba wewe huvitengeneza vitabu vikongwe. Anasema babu yake alikuwa na kitabu cha mashairi ambacho kava lake lilikuwa vipande kumi na vinne, ukaliunga, na leo mtu haoni palipoungwa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Simu ikilia huitikia "ndiyo, ndiyo," halafu nikagundua kwamba nimekubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya maziko. Kwenye karatasi sipotezi neno.

Ndani ya mfuko huu mna riwaya ya zamani iitwayo *Harusi ya Mwanamvua*. Jalada gumu lingali zima, lakini lile kava la karatasi linalovikwa juu yake limeliwa na mchwa. Kimebaki kipande cha mgongoni na kipande cha nyuma. Kitabu nilikinunua miaka mingi iliyopita kwa mchuuzi mmoja Mombasa.

Tarehe 14 Juni shule niliyosomea, huko bara upande wa Kinango, inafungua maktaba mpya. Wamenialika niwe mgeni rasmi, na kila mwanafunzi wa zamani ameombwa alete kitabu. Mimi nataka kuleta hiki. Ombi langu ni moja: kifanye kiwe kama siku kilipotoka kiwandani. Asiwepo mtu wa kukitazama akajua kwamba kiliwahi kupatwa na jambo.

Wako katika mapenzi ya vitabu,
Harrison Nzai


Ukunda,
10 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Natumai u mzima. Mimi na shangazi yangu Twaiba, ninayekaa naye, hatujambo, alhamdulillahi. Kitabu kimefika salama, ingawa Ramadhani alikuwa amekitia mfuko mmoja na maembe.

Nilikilaza mezani siku mbili bila kukigusa. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Kisha nikakipangusa kwa brashi laini, nikatoa uchafu kwa unga wa kifutio, nikakibana baina ya mbao mbili zilizowekewa mawe ili kinyooke. Vipande vya kava vilivyobaki nitavitia mgongo wa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, kwa gundi ya uji wa ngano ninayoipika mwenyewe. Kama nyumbani una kitabu kingine kilichochanika, tafadhali usikitie selotepu. Selotepu ni mgeni asiye na adabu. Siku ya kuondoka, huondoka na kitu chako.

Nina maswali mawili, Mwalimu, na uniwie radhi.

La kwanza. Nimewaona mchwa wengi katika kazi hii. Mchwa hula kwa kupindapinda, hufuata gundi, huacha udongo. Kava lako limekatwa kwa mstari ulionyooka toka juu hadi chini. Mchwa huyu alikuwa na rula.

La pili. Kwenye kipande cha mgongoni pana namba ya wino, kama zile za maktaba, na ukurasa wa kwanza una muhuri wa zambarau uliokwanguliwa kwa wembe. Nimeutazama kwa kioo cha kukuzia, sikuweza kuusoma. Je, huyo mchuuzi alikwambia kitabu alikitoa wapi? Simtuhumu mtu. Ila vitabu vya maktaba vina wenyewe, nami hupenda kumjua mwenye mtoto kabla sijamvisha nguo.

Tena nieleze: upande wa mbele palichorwa nini? Umebaki ukanda mwembamba tu wa rangi ya samawati. Mchoro siwezi kuubuni. Nikiubuni, litakuwa kava la kitabu changu mimi, si hiki chako.

Wasalaam,
Ummi


Msambweni,
17 Februari 2025

Marahaba mwanangu Ummi,

Umenichekesha na mchwa wako. Huenda ni mimi niliyepunguza palipoharibika ili pakae vizuri. Miaka imekuwa mingi, mtu husahau alichokikata. Kuhusu muhuri, yule mchuuzi alikuwa mrefu, amevaa kofia ya kijani, na vitabu alivitandaza juu ya gunia. Mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta kidogo. Sikumwuliza alikovitoa. Nadhani alikuwa mtu wa Tanga.

Mchoro: nakumbuka mwanamke mwenye mwavuli. Au alikuwa mwanamume. Mwavuli nina hakika nao.

Jambo moja zaidi. Ramadhani ameniambia kwamba ndani ya kila kava unaloliunda upya wewe huandika kuwa si la asili. Kwangu usiandike. Nataka kitabu hiki kiingie maktabani kama bwana harusi, si kama mgonjwa aliyetoka hospitali na cheti mkononi.

Wako,
Harrison Nzai


Ukunda,
14 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Sisi tumo katikati ya mfungo, na nyinyi najua mko kwenye Kwaresima. Mungu azipokee za wote.

Nianze na lile la maandishi. Kava likiigwa, lazima liseme kwamba limeigwa. Mtu atakayekishika kitabu hiki miaka hamsini ijayo ana haki ya kujua lipi ni la mkono wa kwanza na lipi ni la mkono wangu. Nisipoandika nimemdanganya mtu ambaye hata hajazaliwa. Nitatumia herufi ndogo, kwenye mkunjo wa ndani, lakini nitaandika.

Sasa mchoro. Rafiki yangu Beryl, mwenye duka la kuchapisha huko Diani, alitafuta kwenye mtandao siku nzima. Jina la kitabu lipo mahali pawili, picha hakuna. Nikawauliza wazee. Mmoja akasema mwavuli, kama wewe. Mwingine, kofia kubwa ya ukindu. Mzee Chande, aliyekuwa karani, akaapa kwamba ni sinia la pilau, maana ni harusi. Nikachora michoro mitatu, nikaining'iniza mlangoni kwa vibanio vya nguo, chini nikaandika: IPI NI HARUSI YA MWANAMVUA?

Jumanne iliyopita alipita mama mmoja anayeleta mihogo sokoni kutoka Mwabungo. Akatua tenga lake, akaitazama michoro, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Zote uongo," akasema.

"Basi palikuwa na nini, mama? Si mwavuli?"

"Mwavuli wa wapi! Ni ungo. Mwanamvua amejifunika ungo kichwani, mvua inamnyeshea. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kiatu cha pili kimekwama matopeni, na kuku anakitazama."

Nikachukua penseli. Akasimama nyuma yangu, akawa ananielekeza kama fundi mkuu. "Ungo uuinamishe kidogo. Kidole gumba kikubwa zaidi. Kuku asinenepe hivyo, hapa si hotelini."

Nikamwuliza amewezaje kukumbuka yote hayo. Akalisogeza tenga lake kando kwa mguu. Kisha akasema, "Mwanangu, kitabu hicho kilipotea jina langu likiwa kwenye kadi. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika ufunguo wa maktaba ya shule. Nikanyang'anywa ufunguo, nikapewa jembe. Muhula mzima, kila jioni, wenzangu wakisoma mimi napalilia mihogo ya shule. Ukipalilia muda wote huo huku unakitafuta kitabu kwa macho ya moyo, utaujua hata ukucha wa kuku."

Jina lake ni Sidi Rai. Shule yenyewe anasema iko upande wa Kinango. Je, yawezekana mlisoma pamoja?

Wasalaam,
Ummi


Ukunda,
11 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Wiki nne zimepita bila jibu lako. Ramadhani anasema u mzima, na kwamba amekuona ukiupogoa ua wako hadi umebaki vijiti. Sisi Idi tumeila salama.

Kava limekwisha. Nimelichora kwa rangi za maji, Beryl akalichapa kwenye karatasi isiyong'aa. Vipande vya asili nimevihifadhi ndani ya bahasha mwishoni mwa kitabu. Mama Sidi amelikagua mara tatu. Mara ya kwanza alilaumu matope, ya pili akamlaumu kuku. Ya tatu alitazama muda mrefu akasema, "Haya. Ndiye."

Kwenye mkunjo wa ndani nataka kuandika hivi: "Kava hili limechorwa upya Ukunda, mwaka 2025, kama alivyolikumbuka Sidi Rai."

Nasubiri neno lako.

Ummi


Msambweni,
16 Aprili 2025

Mpendwa Ummi,

Nisamehe kwa kunyamaza. Barua yako ya Machi niliianza nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa.

Hapakuwa na mchuuzi. Hapakuwa na kofia ya kijani, gunia, wala mguu wa kuburuta. Mchwa ni mimi.

Mwaka 1979 nilikuwa kidato cha tatu, darasa moja na Sidi. Ijumaa moja alijiandikia *Harusi ya Mwanamvua* kwenye kadi, akakiweka katika dawati lake. Mimi nilikuwa nimekingoja kitabu hicho tangu mwanzo wa mwaka. Nikakitoa. Nikajiambia nitakisoma Jumamosi na Jumapili, Jumatatu asubuhi kitakuwa kimerudi, naye hatajua. Jumapili nilikuwa nacho nikichunga mbuzi wa baba, mvua ikanikuta. Kava likalowa, likagandana na shati langu. Nilipolibandua, upande wa mbele ukachanika. Nikachukua rula, nikakata palipochanika, nikidhani pakinyooka patakuwa na heshima. Vipande nilivitupa katika shimo la choo.

Jumatatu, kwenye gwaride, mwalimu mkuu wa siku hizo akauliza kitabu kiko wapi. Sidi akasema kimeibwa dawatini. Akaambiwa mwenye ufunguo haibiwi. Mimi nilikuwa mtu wa tatu nyuma yake, Ummi. Ningenyoosha mkono tu. Nikasema moyoni, kesho. Kesho ilipofika alikuwa amekwisha kupewa jembe, na kila siku iliyopita ililifanya neno lile liwe zito zaidi. Nikaja kuwa mwalimu. Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu waseme kweli, na kila nilipohamishwa, kitabu kile kilikuwa cha kwanza kuingia sandukuni, chini kabisa.

Ndiyo sababu nilitaka kiwe kipya. Nilidhani kikirudi bila jeraha, nami nitakuwa sina.

Nakuomba mawili. Usiandike jina la Sidi ndani ya kava, wakilisoma watauliza. Na usimwambie. Nitakipeleka kitabu, nitakiweka mezani pamoja na vingine, nirudi nyumbani. Pengine hata hotuba nitasema naumwa.

Mwenye haya,
Harrison Nzai


Ukunda,
21 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nilijua tangu mchwa. Sikukuuliza moja kwa moja kwa kuwa wewe ni sawa na baba yangu, na mtoto hamkabi mzazi kwa uongo wake. Humwachia mlango wazi atoke mwenyewe. Umetoka. Alhamdulillahi.

Ombi la kwanza sikulikubali. Mchoro ni wa Sidi. Bila yeye ningekuletea sinia la pilau. Nikilifuta jina lake nitakuwa nimemnyang'anya kitabu kile mara ya pili, na safari hii mwizi ni mimi.

La pili nimelikubali. Sitamwambia, hiyo si barua yangu kuiandika. Lakini kila Jumanne na Ijumaa anapita hapa na mihogo yake, ananiuliza, "Mwenye kitabu amesemaje?" Nami najibu kwamba amekaa kimya. Mwalimu, uongo sikujaliwa. Nikisema uongo hushikwa na kikohozi. Amekwisha kuniletea tangawizi mara mbili.

Humu ndani nimetia bahasha tupu. Juu yake nimeandika: Sidi Rai, Mwabungo, nyuma ya kisima cha msikiti. Ukishaijaza mpe Ramadhani ailete kwangu, na Boga wa bodaboda ataifikisha.

Ummi


Msambweni,
28 Aprili 2025

Sidi Rai,

Sijui nikuite dada, mama au mwenzangu. Nimeharibu karatasi sita kwa salamu peke yake.

Mimi ni Harrison Nzai. Tulisoma pamoja. Nilikaa safu ya nyuma yako, karibu na dirisha lisilokuwa na kioo.

Mimi ndiye niliyekitoa *Harusi ya Mwanamvua* katika dawati lako. Nililowa nacho, nikalichana kava lake, nikakificha. Nilikusikia ukisema kimeibwa, nikanyamaza. Nilikuona na jembe, nikahamia upande wa pili wa darasa ili nisikuone. Sina sababu ya kukupa. Nilikuwa mwoga, na woga ule umezeeka pamoja nami.

Kitabu unachomsaidia Ummi ndicho hicho. Nilikusudia kukirudisha shuleni tarehe 14 Juni bila kusema neno. Sasa naona kwamba huko kungekuwa kukiiba tena. Nitafanya utakalolisema. Ukisema nisiende, siendi. Ukinyamaza, nitaelewa.

Harrison Nzai


Mwabungo,
6 Mei 2025

Harrison,

Boga aliniletea barua yako nikiwa shambani. Nikaisoma nimekaa juu ya mpini wa jembe. Kisha nikaenda nyumbani nikaunguza sima, jambo ambalo mume wangu hajaliona tangu anioe.

Nianze na lililo gumu. Kulima hakukuniua, nimezaliwa na wakulima. Kilichonichoma ni ufunguo. Nilikuwa nikiuvaa shingoni kwa kamba, na shule nzima ilinijua kwa ufunguo ule. Tangu siku ile sijaingia maktaba yoyote. Wanangu walipokuwa wakiazima vitabu, niliwaambia vikae juu ya meza mahali ninapoviona, na kila nikipita navihesabu. Hilo ulijue. Sikuandikii ili usononeke; nakuandikia ili ulijue.

Sasa sikia jingine. Miaka arobaini na sita nimekuwa na hakika kwamba mwizi ni Subira. Ndiye tuliyekaa naye dawati moja. Sikumwamkia tena. Harusi yake sikwenda. Alipojifungua mapacha sikwenda. Tumekutana sokoni mara ngapi, nami nikigeuza uso kama mtu aliyepigwa na moshi! Jana nimekwenda kwake na kuku wawili. Nikamweleza yote. Akanitazama, akasema, "Kumbe! Mimi miaka yote hii nilidhani unanionea wivu kwa mume wangu." Wewe umewahi kumwona mume wake? Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kuhusu wewe. Utakuja Mwabungo upalilie mihogo yangu, jioni kumi. Nilitaka iwe muhula mzima, ila Subira amekuombea kwa ajili ya mgongo wako. Jembe lipo. Kisha utakwenda kwenye hiyo sherehe na utasema mbele ya watu, kwa kinywa chako. Usiniite maskini. Na usilie, ukilia watakuhurumia wewe.

Sidi Rai


Msambweni,
2 Juni 2025

Mwanangu Ummi,

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Kiganja changu cha kulia kina malengelenge manne na la tano linakuja.

Jioni kumi zimekwisha. Siku ya kwanza Sidi aliniambia napalilia kama mtu anayesahihisha insha kwa haraka: nang'oa mihogo, naacha magugu. Siku ya nne aliniletea maji. Siku ya saba mumewe akasema yatosha, mzee wa watu ataanguka. Yeye akasema bado tatu. Jana, siku ya mwisho, alitoka na kigoda chake akakaa pembeni ya tuta. Akaniuliza kama namkumbuka mwalimu wetu wa hesabu alivyokuwa akipiga chafya. Nikaweka jembe chini nikamwigiza. Alicheka, akafuta macho, akasema, "Bado tuta moja."

Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza. Niliona hilo ni lake kulisema, si langu kuliuliza.

Nilipita kwako, Twaiba akanionyesha kava kwa kuwa ulikuwa umetoka. Nimelishika kwa mikono hii iliyovimba. Jina la Sidi liache lilipo. Na chini yake, kama nafasi inatosha, ongeza mstari: "Kava la kwanza lilichanwa na Harrison Nzai, 1979." Herufi ndogo zile zile.

Wako,
Harrison


Mwabungo,
8 Julai 2025

Mwanangu Ummi,

Hujambo huko Unguja? Shangazi yako Twaiba ameniambia mafunzo yako ya kuhifadhi karatasi yataendelea hadi Agosti, naye ana mtu atakayevuka wiki hii. Nimeona nikuandikie uliyoyakosa siku ya kufunguliwa maktaba, maana Harrison akikuandikia yeye atajifupisha.

Palikuwa na hema, viti vya plastiki, na watoto waliopigiwa pasi mpaka wanashindwa kukaa. Mimi na Subira tulikaa nyuma kabisa, kwa sababu Subira hupenda kuwa karibu na jikoni. Harrison alivaa suti ya kijivu. Akaitwa, akainuka na kitabu mkononi, akaanza kuzungumza na kitambaa cha meza. Midomo inakwenda, sauti haitoki. Wa mbele wakawa wanaitikia kwa vichwa kwa adabu tu. Wa nyuma tunatazamana. Nikasikia "mwaka sabini na tisa," halafu basi.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Mwalimu, paza sauti! Huku nyuma hatusikii!"

Watoto wakaangua kicheko. Akainua macho, akaniona. Akaiweka maikrofoni chini, akasema kwa sauti ya gwaride: "Kitabu hiki nilikiiba mimi! Aliyeadhibiwa ni Sidi Rai, na hakuwa na kosa! Nilikuwa nyuma yake nikanyamaza!" Hema zima likatulia, hata ukasikia mfuniko wa sufuria kule jikoni. Kisha akaeleza yote tangu mwanzo, mbuzi, mvua, hata lile la choo. Hakulia. Niliyelia ni mimi, kidogo, na Subira akanipa ncha ya leso yake huku yeye mwenyewe akiitumia ncha ya pili.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mama kijana. Nilimwona hajui afanye nini; karatasi yake ya ratiba haikuwa na jambo hilo. Akateremka jukwaani, akaja hadi nilipokaa, akanishika mkono, tukaenda mpaka mlango wa maktaba. Akanipa ufunguo. Nikautia kwenye kufuli. Lilikuwa gumu, kwa upya wake. Harrison alitaka kunisaidia, nikamwambia asogee kando.

Kava lako limependwa. Watoto wameusoma mstari wa ndani, ule mdogo, na wakawa wanamwendea Harrison mmoja mmoja: "Mwalimu, ni kweli ulivitupa vipande chooni?" Amewajibu wote. Mpaka sahani ya pilau yake ikapoa.

Kitabu nikakiazima siku hiyo hiyo, wiki mbili. Nimekisoma hadi mwisho. Katikati kinachosha, na Mwanamvua angeolewa na yule fundi cherehani, si yule mpiga soga aliyemchagua. Nimemwandikia Harrison hivyo, naye amenijibu kurasa nne akinipinga. Wiki hii nitamjibu.

Ila sikiliza. Kwa ajili ya mihogo na mgeni aliyenijia, nilichelewa siku mbili kukirudisha. Nilipofika, mezani alikuwapo msichana wa kidato cha pili, jina lake Kadzo. Akafungua daftari lake, akapeleka kidole chini taratibu mpaka akalifikia jina langu. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, umechelewa siku mbili," akasema. "Wenzako wanakingoja."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nisirudie.

Nikatoka nje, Ummi, nikitembea kwa miguu myepesi kama msichana. Safari hii kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mama yako,
Sidi Rai